Mguu wa Klachi

Jumanne, 3 Machi

Mpwa wangu Spana,

Pokea salamu za mjomba wako, na uzikung'ute kwanza kabla ya kuziingiza ndani, maana huku hakuna kinachotoka bila vumbi. Mimi ni mzima. Mama yako mpe shikamoo yangu kabla hajaanza kuuliza kwa nini nakuandikia wewe na si yeye dada yangu. Mwambie nakula, nalala, na Jumapili nilinyoa ndevu.

Simu usijisumbue kupiga. Hapa kambini simu ni tochi na saa. Barua zinasafiri na gari la posho, ambalo huja baada ya wiki mbili likijisikia, na baada ya tatu lisipojisikia.

Nina kichekesho. Ijumaa nilivua buti nikakuta msumari umechomoza ndani ya soli, na soksi imegandiana na kisigino kwa damu iliyokwisha kukauka. Kipara akaniuliza umetembea nao tangu lini. Nikamwambia labda tangu Jumatatu. Alicheka mpaka mpishi akaja kuuliza kuna nini. Huyu Kipara ni dereva mwenzangu, nilishawahi kukutajia. Tunapokezana lori, wiki yake, wiki yangu. Nimeosha kidonda kwa maji ya chumvi na kimenyamaza.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Lori letu limekwisha klachi. Unalijua lile, magurudumu sita na yote yanavuta, ndilo linalopandisha mabomba, mapipa ya maji na wachimba visima wanane juu ya kilima kisicho na barabara. Wiki iliyopita injini ilikuwa inanguruma kama inataka kuzaa, na gari limesimama palepale. Fundi wa kambi amefungua. Namba zote zimefutika, kwa hiyo nakutumia mzigo mzima kwenye boksi la sabuni uwe sampuli: sahani, presha pleti na beringi.

Klachi hii ulinichagulia wewe mwezi wa nane. Miezi saba tu! Sisemi walikuuzia feki, wewe ni mjuzi wa vipuri kuliko mimi, lakini miezi saba, mwanangu.

Safari hii nitafutie laini. Yaani ya pedeli laini, isiyopigana na mguu. Si kwa ajili yangu, mimi unanijua. Kipara ana goti.

Mjomba wako


Alhamisi, 19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Boksi limefika jana, barua ilikuwa imefungwa ndani ya sahani kama sambusa, inanuka moto wa klachi mpaka leo. Sisi wote salama. Mama sukari yake imetulia, ila amegombana na mizani ya zahanati, anasema inamsingizia. Sasa anapima chakula kwa kikombe, na akimaliza anatutazama sisi tunaokula bila kikombe kama wezi. Anauliza wewe ulipima sukari lini mara ya mwisho. Nimemwambia nitakuuliza, basi nimekuuliza.

Mjomba, hilo neno lako la miezi saba limeninyima raha. Nilitoka na sahani mkononi nikazunguka mtaa mzima wa vipuri, duka kwa duka, nikitafuta wa kuniambia kwamba niliuziwa feki. Nilitaka iwe feki. Ningejua nikagombane na nani. Lakini wote wamesema ni ile halisi, na wanaosema hivyo wengine ni washindani wangu, hawana sababu ya kunipaka mafuta.

Basi nikarudi nikaviweka vyote juu ya kaunta nikaviangalia. Sahani imeungua, sawa, kilima kinaunguza. Lakini beringi imelia mpaka imekwisha, na vile vidole vya presha pleti vinavyosukumwa na beringi vimelika vimekuwa vyembamba kama kucha. Vidole haviliwi na kilima, Mjomba. Vinaliwa na mguu uliolala juu ya pedeli tangu asubuhi mpaka jioni, hata kwenye tambarare, hata mahali pasipo na gia ya kubadili.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuendesha. Ulikuwa unatazama mguu wangu wa kushoto kuliko unavyotazama njia. Nikiusahau kwenye klachi unazima gari, unaniteremsha, nalizunguka mara moja kwa miguu ndipo unaniruhusu kuwasha. Siku ya kwanza nililizunguka mara kumi na tisa, na watu wa mtaani wakaleta viti. Kwa hiyo nakuuliza kwa adabu zote: nani anaendesha lori hilo?

(Nimerudi, mteja alikuwa anataka fenibelti ya gari asilojua jina lake.) Klachi zinazoingia hapo ni mbili. Kuna ya kawaida, uso wake mzima, presha pleti ya wastani, pedeli laini. Kwa gari la kwenda sokoni inafaa sana. Kwa kilima chako, mguu ukilala tena juu yake, haimalizi hata hiyo miezi saba. Kisha kuna ya vibao vya shaba, ambayo inauma haiachii, na presha pleti yake ni ngumu. Hiyo pedeli yake inataka paja. Hata mtu akitaka kulaza mguu, inausukuma juu.

Sijaamua. Nikishika hii naona vile, nikishika ile naona hivi, nazirudisha rafuni zote mbili.

Na ule msumari. Ulikuwa mguu gani?

Spana


Alhamisi, 2 Aprili

Spana mwana wa dada,

Salamu zako zimefika na nimezigawa. Kipara anakusalimu. Mpishi pia, ingawa humjui. Mama yako mwambie mizani kweli huwa zinasingizia, na kuhusu sukari nitapima nikija likizo. Zahanati ya karibu na hapa ni mwendo wa nusu siku, na muuguzi mwenyewe ana hasira.

Umeniuliza msumari ulikuwa mguu gani. Ule wa kuvalia kiatu.

Tuje kwenye klachi. Umeandika kurasa mbili kama polisi wa usalama barabarani. Umeona vidole vyembamba, umeona beringi iliyolia, hongera, jicho unalo, na mwalimu wako namfahamu. Lakini umesahau kwamba madereva tuko wawili. Nimekwisha kukwambia Kipara ana goti. Mtu mwenye goti hawezi kunyanyua mguu kila mara, anaulaza pale apumzike. Nimemwambia, nimechoka kumwambia. Si mtu mbaya, ni goti tu.

Kwa hiyo ninaposema laini ujue nina sababu. Nyinyi watu wa vipuri neno lenu ni moja, ngumu, ngumu. Mteja akiingia mnamwambia, mama, chukua hii ni ngumu. Haya, ngumu haifi haraka. Lakini ngumu hiyohiyo ndiyo inamuua anayeikanyaga mara mia mbili kwa siku. Hamjawahi hata kuikanyaga, mnaipiga kofi kwenye kaunta na kuisifu.

Lori limesimama kwenye mawe mwezi sasa. Wachimbaji wanabeba maji mabegani kupandisha kilima na wanatutazama sisi madereva kwa jicho baya. Msimamizi anapita kila asubuhi kuniuliza klachi iko wapi. Mimi nikikaa bila gari naumwa mwili mzima, nazunguka kambi, narudi, nazunguka tena. Watu wananiita kiguu na njia na sina pa kwenda. Tuma ile laini, mwanangu, tuyamalize.

Barua hii usimsomee mama yako sehemu ya msumari. Atatia chumvi.

Mjomba wako


Jumamosi, 11 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nyumbani hawajambo. Mama yuko vizuri, sikumsomea.

Gari la posho linaondoka sasa hivi na dereva wake anapiga honi mlangoni kwangu, kwa hiyo nitasema mbiombio. Nimetuma ngumu. Usiniandikie kwamba ngumu ya kudumu ni nyingine na ngumu ya kukanyaga ni nyingine, zimo zote ndani ya boksi moja na sina namna ya kuzitenganisha. Gari linabeba watu wanane. Sitaki waning'inie kwenye mteremko kwa klachi ya kwendea sokoni.

Ndani ya boksi nimeweka pia karatasi ya msimamizi. Nimemweleza nilichokiona kwenye sampuli, kwamba kati ya madereva wa lori hilo kuna mmoja ambaye mguu wake wa kushoto hautoki juu ya pedeli, na kwamba apumzishwe mpaka apelekwe zahanati akapimwe. Jina sikuandika, maana sikuwepo.

Wewe upo, Mjomba.

Spana


Jumapili, 26 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa wote wa hapo. Huku tumepata manyunyu kidogo, vumbi limekaa chini likitafakari. Mimi mzima wa afya.

Klachi imefika na imefungwa. Fundi wa kambi aliisifu sana, wanakusifu wote, wanasema huyo mpwa wako angekuwa mwanamume angekuwa hapa. Niliwaambia angekuwa hapa angewasumbua. Na ni ngumu kweli. Sitaki kukudanganya, siku ya kwanza niliikanyaga nikadhani wameniwekea ukuta. Lakini gari linapanda! Linapanda kilima na mapipa yote na watu wote, halitetemeki, halinuki. Hilo ni lako, nakupa.

Ile karatasi yako msimamizi aliisoma mbele yetu sisi wawili. Akatutazama, akauliza ni nani. Kipara akacheka, akadhani ni utani. Kisha akaniangalia mimi. Msimamizi naye akaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye mkubwa, nimekaa na gari hilo miaka kumi na moja, akasema mzee, nitakalosikia kwako ndilo nitakaloandika.

Basi, mambo yakaisha. Kipara yuko stoo sasa, anahesabu mabomba. Lori naendesha mimi wiki zote, na nimelizoea. Nina mtindo wangu: mkono wa kushoto unausaidia kidogo mguu kwa juu ya goti, unasukuma, klachi inashuka vizuri kabisa. Kila dereva mzee ana mtindo wake.

Kipara haniongeleshi. Anakula upande ule wa meza. Nilimpelekea chai akaishukuru, akaiacha ipoe.

Niandikie habari za duka. Hii ya klachi tuiache sasa, imekwisha.

Mjomba wako


Ijumaa, 8 Mei

Mjomba,

Leo sina salamu. Sina habari za duka. Barua yako nimeipata mchana huu, nimemwaga boksi zima la nati sakafuni na nimeziacha hapo.

Shuka kwenye hilo gari. Kabla hujamaliza kusoma, shuka, kisha uendelee.

Nilijua. Nilijua kabla hata sampuli haijakauka juu ya kaunta. Mtu aliyetembea na msumari kisiginoni siku tano asijue, na akaandika kwamba ni kichekesho, huyo hajui mguu wake uko wapi. Kipara sijawahi kumwona lakini hajawahi kuniandikia kwamba damu imekauka kwenye soksi yake. Goti la Kipara nimelisikia kwako peke yako, na kila barua linazidi kuuma. Nilikuuliza mguu gani ukanijibu kwa mzaha. Ningekuandikia wazi tarehe kumi na tisa Machi, na sikuandika.

Nikwambie kwa nini. Kwa sababu ya Babu, baba yako. Nakumbuka alivyoanza, kandambili inamtoka mguuni naye anaendelea kutembea, sisi watoto tunamfuata nyuma nayo tukicheka. Nakumbuka kilivyokatwa kidole, ukakatwa wayo, ukakatwa mguu, na kile kiti cha karibu na mlango. Wewe ulikuwa hukai chumbani naye hata kidogo. Ulikuwa unafika, unasimama, unatoka. Ningewezaje kukuandikia neno sukari na neno mguu kwenye mstari mmoja? Niliogopa utaacha kuniandikia.

Kwa hiyo nikafanya ujanja. Klachi ile ngumu sikuichagua kwa ajili ya kilima, Mjomba. Kilima kilikuwa kisingizio kizuri. Niliichagua ili ikushinde. Nilifikiri utaikanyaga mara mbili tatu, mguu utakataa, utajua mwenyewe, utashuka kimyakimya bila mimi kusema kitu. Na ile karatasi ya msimamizi nilidhani utaisikia, utanyanyua mkono, useme ni mimi. Hayo ndiyo niliyokuwa nayapanga hapa kwenye kiti changu, nikijiona nina busara. Haikunijia kichwani kwamba utamwachia mwenzako aende stoo, na wewe uendelee kusukuma goti kwa mkono, na watu wanane mgongoni.

Nimewawekea klachi ngumu watu wanane kwa sababu nilishindwa kukuuliza swali mara ya pili.

Gari la posho linaondoka Jumanne. Likirudi bila neno lako, linaporudi tena huko nimo ndani.

Spana


Jumamosi, 9 Mei

Spana,

Salamu. Mimi ni mzima, na safari hii usilipite neno hilo haraka, maana lilikuwa karibu kuwa la uongo.

Sijapata barua kutoka kwako tangu klachi ilipofika. Naandika bila kusubiri, kabla sijapoa, nikipoa nitaipamba.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa napanda. Mapipa yamejaa, wachimbaji wote juu. Pale karibu na kileleni pana kona ya changarawe, lazima ushuke gia ya kwanza. Nikasukuma goti kwa mkono kama kawaida, nikahesabu klachi imeshuka, nikapeleka gia. Ikapiga kelele, ikakataa, gari likawa nyutro, halina gia yoyote. Likaanza kurudi nyuma. Nikapeleka mguu wa kulia kwenye breki.

Breki haikushuka.

Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote na pedeli ilishuka nusu ikakwama kwenye kitu. Handibreki niliivuta ikapunguza mwendo tu, kwa mzigo ule isingeweza zaidi. Nyuma nasikia watu wanapiga kelele, wanaruka mmoja mmoja. Badala ya kutazama kioo nikatazama chini. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umeteleza kwenye klachi, umeingia chini ya pedeli ya breki. Nilikuwa nakanyaga mguu wangu mwenyewe. Naukanyaga kwa uzito wangu wote, Spana, na sikusikia kitu. Niliutazama kama unavyotazama kiatu cha mtu mwingine.

Niliinama nikautoa kwa mkono. Breki ikashika. Gari likasimama upande, gurudumu la nyuma limeegemea jiwe, na baada ya jiwe hilo hakuna kitu. Wote wanane wazima, isipokuwa mmoja ameteguka kifundo cha mkono kwa kuruka. Walikaa chini pale kwenye changarawe, hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Nilizima gari nikateremka kilima kwa miguu, nikisimama kila hatua kuangalia wapi naweka wayo. Nikaenda stoo kwanza, si kwa msimamizi. Kipara alikuwa na daftari lake la mabomba. Nikamwambia goti lako nililitunga mimi. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia ukweli: kwa sababu bila gari sijui mimi ni nani, na kwa sababu baba yangu alimalizia miaka sita kwenye kiti na nilikuwa siwezi kumtazama. Alifunga daftari, akanishika mkono mpaka kwa msimamizi, na mbele ya msimamizi akaniacha nisimame mwenyewe niseme. Nilisema yote.

Kuhusu ile feki, nilijua si feki. Nilikuachia ujilaumu kwa sababu ilinisaidia. Nisamehe. Ulizunguka mtaa mzima na sahani mkononi kwa uongo wangu.

Mjomba wako


Jumapili, 24 Mei

Spana mwanangu,

Shikamoo zako ambazo hukuandika nimezihesabu kuwa nimezipokea, na nimekwisha kuitikia marahaba.

Barua yako ya tarehe nane nimeisoma zahanati. Imenifikia siku sita baada ya kilima, na ukitazama tarehe utaona uliniambia nishuke siku ileile niliyokuwa nashuka kwa miguu. Niliisoma nikakasirika sana. Nilikasirika hadi muuguzi, yule mwenye hasira, akaja kunipima tena presha akidhani mashine yake mbovu. Nikasema hivi huyu mtoto amenitega! Nimemfundisha kushika usukani, naye ananiwekea mtego ndani ya giaboksi! Nikaikunja barua nikaitia mfukoni. Nikaitoa. Nikaitia tena.

Nilikasirika siku tatu, kisha nikachoka. Mimi nilinyamaza ili nisiaibike, wewe ukanyamaza ili usiniaibishe, na kati ya kunyamaza kwetu sisi wawili walikuwepo watu wanane ambao hakuna hata mmoja anayetujua. Sitaki kusikia tena kwamba ulifanya kwa mapenzi. Najua ni mapenzi. Hata mimi nilikuwa nafanya kwa mapenzi, ya gari. Siku nyingine niite mjinga wa kwanza na unitajie mguu.

Sukari ninayo, tena ya siku nyingi. Muuguzi amechukua kijiti akawa ananigusa wayo huku nimefumba macho, niseme nikisikia. Nilikuwa nangoja aanze. Kumbe alikuwa amekwisha kumaliza. Kidonda cha msumari, na ni mguu wa kushoto kama ulivyodhani, hakikuwa kimenyamaza, kilikuwa kinafanya kazi yake chini kwa chini, na vidole viwili vimebadilika rangi. Hawajasema kukata. Wamesema nije huko kwenye hospitali kubwa haraka, waone. Nakuandikia wazi: naogopa. Naogopa kile kiti.

Mama yako mwambie wewe, kabla sijafika, na umwambie yote ili asipate cha kuongeza.

Kipara amerudi kwenye lori. Wachimbaji walipanda siku ya kwanza kwa woga, wamekaa nyuma kabisa mguu sawa wa kuruka, siku ya pili wakaanza kuimba. Nilimuuliza tukurudishie hiyo klachi utume laini. Aliikanyaga mara tatu, akaachia mara tatu, akasema iacheni hapohapo, hii ndiyo iliyokuwa inatakiwa na gari hili miaka yote. Kwa hiyo ulichagua sawa, na sababu yako ilikuwa mbaya, sijui hilo nikupongeze vipi. Anasema pia nikuandikie kwamba magoti yake ni mazima yote mawili na anaomba familia yetu iache kuyajadili. Amenisamehe nusu. Nusu nyingine anasema ataniambia.

Kesho kutwa ananipeleka mpaka barabara kuu. Nitakaa upande wa abiria kwa mara ya kwanza katika gari hilo. Msimamizi ameniandikia likizo ya ugonjwa, hakuandika neno kufukuzwa, na funguo nimezitoa mwenyewe kabla hajaomba.

Barua hii inanitangulia leo na gari la posho; basi langu linafika Alhamisi mchana. Ngazi zake ni tatu na ya mwisho iko juu sana. Zamani nilikuwa naziruka zote. Njoo wewe, usitume mtu. Nitatoa mguu wa kulia kwanza, kisha nitasimama pale mlangoni nikijifanya natafuta begi, kwa sababu nitakuwa sijui ule wa kushoto umefika wapi. Hapo unishike, mkono mzima, kwa nguvu, na usingoje nikuombe. Stendi mbele za watu sitaweza kuomba, najijua. Naomba hapa.

Mjomba wako